Mgeni Akiuliza “Nilale Wapi?”, Tumjibu Nini?

Haya ni mazungumzo ya afisa wa utalii mbele ya wenye nyumba za wageni, wahudumu wa bodaboda na matatu, na wakazi wa Voi. Tunayachapisha kwa ukamilifu kwa kuwa swali linalozungumziwa huulizwa kila siku katika kaunti yetu.

Nashukuru mmeacha kazi zenu kuja kunisikiliza. Sitawaweka sana, najua wengine mmeacha pikipiki nje na wengine mmeacha sufuria mekoni.

Nataka tuzungumze juu ya swali moja tu. Mgeni anashuka gari pale Caltex, begi mkononi, anamwona kijana wa boda au mama wa matunda, anauliza: “Nilale wapi?” Swali hili hatulijibu sisi wa ofisini. Mnalijibu nyinyi, tena kwa sekunde tano. Na jibu hilo ndilo linaloamua kama mgeni yule ataondoka akitusifu au akitulaani.

Wacha niwape kisa. Siku moja nje ya hospitali nilikutana na mzee aliyetoka upande wa Taveta. Mkewe alikuwa amelazwa. Usiku aliposhuka matatu aliuliza lojingi, akapelekwa kwenye nyumba iliyo kando ya barabara kuu, chini yake kuna baa. Kijana aliyempeleka hakuwa na nia mbaya, alimpeleka anakokujua. Mzee akalipa siku nne mapema. Usiku kucha ni muziki na malori. Asubuhi anapanda boda kwenda hospitali, mchana anarudi, jioni anakwenda tena. Chakula chote ni cha kununua. Siku ya tatu akaniambia, “Mwanangu, pesa ya dawa sasa ninaila kwa nauli.” Na mwendo wa dakika chache kutoka lango la hospitali kuna mama mwenye vyumba vitatu safi, anayewaruhusu wageni wake kupika. Wiki ile vyumba viwili vilikuwa vitupu.

Hapo nani alifaidika? Mzee alipata hasara, yule mama akakosa riziki, na hata mwenye lojingi ya barabarani alipata mgeni aliyenung’unika kila asubuhi. Tatizo ni kwamba tulimjibu kabla hatujamuuliza.

Maswali matatu kabla ya jibu

Kwa hivyo ninawaomba tuwe na desturi ya kuuliza mambo matatu kabla ya kumwelekeza mtu. La kwanza, umekuja kwa shughuli gani? La pili, unaondoka lini na kwa usafiri gani? La tatu, uko na nani? Hayo yanatosha. Hakuna haja ya kumchimba mtu mambo yake ya ndani. Ukishapata majibu hayo, utaona kwamba hakuna mahali pamoja palipo bora kwa kila mtu. Kuna mahali panapomfaa huyu na pasipomfaa yule, na kaunti yetu ni pana. Ukitoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100. Ukitoka joto la Voi hadi ubaridi wa Wundanyi, umebadilisha hata blanketi.

Mji wa Voi wenyewe

Tuanze hapa nyumbani. Voi kwa msafiri ina sehemu tatu. Kuna kandokando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Kuna katikati ya mji, karibu na stesheni ya zamani, soko na benki. Halafu kuna mitaa tunakoishi, kama Mwakingali, Sofia na Kaloleni.

Dereva wa lori na utingo wake, au mtu aliyeshuka basi saa nane za usiku na anaondoka alfajiri, huyo mwelekeze kando ya barabara kuu. Anachotaka ni mahali pa kuegesha penye askari, maji ya kuoga, chakula cha moto na mlango unaofunguka usiku. Kelele ameizoea. Ukimpeleka mtaani ndani utampotezea muda, na lori lake halina pa kugeukia.

Mfanyabiashara anayekuja benki au sokoni, au afisa aliyekuja mkutano wa siku mbili, anafaa katikati ya mji. Atatembea kwa miguu. Mwambie tu ukweli kuhusu siku za mwisho wa wiki. Kama jirani ana klabu, sema. Mwenye nyumba mwerevu humpa mgeni wa namna hiyo chumba cha nyuma, na hamngoji aje kulalamika.

Familia yenye watoto, au mtu aliyekuja kwa kazi ya wiki mbili, inafaa mitaani, kwenye nyumba ya kukodi yenye jiko. Lakini hapo kuna jambo ambalo sisi wakazi tunalijua na mgeni halijui: maji. Anayekodisha nyumba Voi aseme wazi kama ana tangi, na kama mfereji huwa unakauka. Aseme pia kama kuna feni na neti. Voi iko chini, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Februari chumba bila feni ni tanuri. Mgeni aliyeambiwa mapema atakuja na subira. Aliyefichwa ataona ametapeliwa.

Wale wa hospitali nimeshawataja, lakini nisisitize. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi hapa Voi hupokea wagonjwa kutoka pande zote za kaunti. Nyuma ya kila mgonjwa aliyelazwa kuna mtu anayetafuta pa kulala. Huyu si mtalii, hana bajeti ya utalii, na mara nyingi amekuja kwa haraka bila hata nguo za kubadilisha. Mtafutie mahali pa kutembea kwa miguu hadi wodini, pa bei ya chini, pa kupika. Muelekeze vizuri, na usimwambie alipe siku nyingi mapema, kwa maana hajui mgonjwa atatoka lini. Wenye vyumba karibu na hospitali, ninawaomba muwe tayari kupokea malipo ya siku kwa siku. Huo ni utu, na ni biashara pia, kwa sababu wageni hao hawana msimu.

Sasa, wa treni. Tangu mwaka 2017 treni ya Madaraka inasimama Voi, ile inayopitia vituo vya kati kati ya Nairobi na Mombasa. Kituo kipya kiko nje ya mji. Wageni wengi hutafuta kwenye simu “karibu na stesheni”, wakajikuta wamelipia chumba karibu na stesheni ya zamani, wakidhani wataamka na kuingia treni. Ukimpata mgeni wa treni, muulize tiketi yake ni ya saa ngapi na umpangie usafiri usiku huohuo. Kijana wa boda anayeheshimu miadi ya asubuhi atakuwa na wateja mwaka mzima.

Aliyekuja kuona wanyama

Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii iko ndani ya mbuga za Tsavo, ambazo zimekuwapo tangu mwaka 1948. Kwa hivyo mtalii wa wanyama tunaye. Ila tunamchanganya.

Swali la kwanza kwa mtalii huyu ni: Tsavo ipi? Kama ni Tsavo Mashariki, Lango la Voi liko hapa karibu na mji. Akitaka kuona Bwawa la Aruba au Mwamba wa Mudanda, Voi ndiyo mahali pake. Kama ni Tsavo Magharibi, yenye chemchemi za Mzima, basi kulala Voi kutamchosha. Mwambie afikirie upande wa Mtito Andei, au upande wa Maktau, kulingana na anakotoka.

Swali la pili ni kama anataka kulala ndani ya mbuga au nje. Ndani kuna hoteli na kambi, na mtu anaamka akiona ndovu kwenye maji. Lakini kiingilio cha mbuga hulipwa kando na bei ya chumba, malipo yenyewe hufanywa kwa njia ya kidijitali wala si kwa noti langoni, na jioni milango hufungwa. Nimewahi kuona familia ya Wakenya wenzetu imefika Voi magharibi imeingia, wana chumba ndani ya mbuga, hawajui chochote juu ya kiingilio wala saa za lango. Walilazimika kulipia chumba kingine mjini. Neno moja tu la mapema lingewaokoa.

Kwa mwenye pesa kidogo, wanafunzi kwa mfano, ushauri wa kweli ni huu: alale mjini au nje ya lango, aamke alfajiri, aingie lango linapofunguliwa, atoke jioni. Wanyama ni walewale.

Na tumalize huu mkanganyiko wa majina. Mtu akisema ameandikisha hoteli “Taita Hills”, usimpandishe matatu ya Wundanyi. Hifadhi yenye jina hilo, pamoja na ile hoteli ya Salt Lick iliyojengwa juu ya nguzo, iko uwandani, ukishapita Mwatate na Bura kuelekea Taveta. Milima ni kwingine. Kinyume chake pia hutokea. Kuna vijana wawili wapenda ndege waliolala Voi siku tatu wakidhani milima ya Taita ni hapo nyuma ya mji. Kila siku waliamka saa kumi za usiku kwenda msitu wa Ngangao, wakafika ndege wameshaimba na kunyamaza. Hakuna aliyewaambia kwamba Wundanyi kuna vitanda.

Milimani na Mwatate

Hao ndio watu wa Wundanyi: watembeaji wa milimani, watafiti, wapenda ndege na misitu, na yeyote aliyechoka na joto. Misitu yetu ya Taita ina ndege na mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani, na kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Mtu wa namna hiyo akilala Wundanyi, saa kumi na mbili asubuhi yuko msituni. Mwambie abebe sweta na koti la mvua. Na wenye gesti za milimani, wekeni blanketi mbili kitandani bila kuombwa. Pia mwambieni mgeni wenu atafute kiongozi wa kijijini, kwa sababu njia za misituni hupotezana, na mapango ya mafuvu ya wazee wetu si mahali pa kuingia bila ruhusa ya wenyewe.

Mwananchi mwenye shughuli katika makao makuu ya kaunti, au kampuni iliyokuja kwa zabuni, inafaa Mwatate. Wengi bado hukimbilia Voi kwa mazoea. Mzazi aliyemleta mtoto Chuo Kikuu cha Taita Taveta kule Ngerenyi naye achague Mwatate au Wundanyi. Mwatate ni njia panda, ndipo barabara ya Voi inapogawanyika kwenda Wundanyi na kwenda Taveta. Mwenye kutaka kuzunguka kaunti nzima bila kuhama kila siku, aweke begi lake hapo.

Taveta, Kasigau na Sagalla

Mfanyabiashara wa ndizi, nyanya au vitunguu, na yeyote anayevuka mpaka kwenda Holili na Moshi, alale Taveta. Lami sasa imefika, na safari ya Voi hadi Taveta si kama zamani, lakini anayetaka kuwa sokoni mapambazuko hawezi kutokea Voi. Muulizeni kwanza kama siku ya soko ndiyo hiyo aliyoidhania, na kama ana hati za kuvukia mpaka. Vyumba vya Taveta hujaa mkesha wa soko, kwa hivyo apige simu mapema.

Taveta ndiyo pia mahali pa wanaotaka Ziwa Chala na Ziwa Jipe, na wale wanaofuatilia historia ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mlima wa Salaita, palipopiganwa Februari 1916, uko upande huo. Makaburi ya wanajeshi yako Voi, Maktau na Taveta, na reli ya Voi hadi Taveta yenyewe ilijengwa kwa ajili ya vita vile. Msafiri wa namna hii hupenda kulala usiku mmoja Voi na mmoja Taveta, akisimama njiani. Huyo ni mgeni wa siku mbili, msimpe mpango wa siku moja. Na kwa Ziwa Chala, onyo ni moja: maji yanavutia, lakini watu wamepoteza maisha mle. Mgeni asiogelee.

Kasigau ni kwa asiye na haraka. Mlima wenyewe una zaidi ya mita 1,600, na vijijini chini yake jamii zina banda zao za wageni. Pesa inayolipwa pale hubaki kijijini. Lakini ni mbali na lami, matatu si nyingi, na mgeni lazima apige simu kwanza ili apikiwe. Sagalla nayo ni karibu na Voi. Huko mgeni anaweza kuona wakulima walivyozungushia mashamba mizinga ya nyuki ili kuzuia ndovu. Aende mchana, akiwa na mwenyeji.

Usiku ni wa ndovu

Nikitaja ndovu, niwakumbushe jambo ambalo nyinyi mnalijua kuliko mimi. Kuna njia na mitaa ya pembeni ambako hatutembei usiku. Mgeni halijui hilo. Ameona taa za mji, anadhani ni mji kama Nakuru. Usimpeleke mtu saa nne za usiku kwenye nyumba ya pembeni kwa sababu ni shilingi mia mbili chini, kisha umwache atembee kwenda kutafuta chakula. Kama nyumba yako iko upande huo, sema wazi: baada ya giza hatutoki kwa miguu, chakula tutakupikia au tutakuitishia boda.

Na dada anayesafiri peke yake, mfikirieni. Asifikishwe mahali usiku kama kuna njia ya kufika mchana. Mlango wake uwe na komeo la ndani. Namba ya chumba isitangazwe kwa sauti mapokezini mbele ya wanywaji. Mtu mwenye ulemavu naye aulizwe kabla ya kupelekwa orofa ya tatu isiyo na lifti. Hata kama chumba ni kizuri namna gani, asipokifikia hakimfai.

Kuhusu kamisheni na jirani

Najua kuna jambo mnataka niliseme, na nitalisema. Vijana wa boda hupewa kitu kidogo na wenye lojingi wakileta mgeni. Hiyo ni jasho lenu, sikatai. Ninachoomba ni kamisheni isiamue mahali pa kulala. Kama kila nyumba inatoa kiasi kilekile, kijana hana sababu ya kumpeleka mzee wa hospitali kwenye baa. Wenye nyumba, kaeni chini mkubaliane juu ya kiasi hicho. Na bei ya chumba anayotajiwa mgeni steji iwe ileile anayoikuta mapokezini.

La pili, tengenezeni orodha ya simu. Mwenye gesti ya mjini awe na namba ya mwenzake wa Wundanyi, wa Taveta, wa karibu na hospitali. Mgeni asiyekufaa leo, mpigie jirani. Mtu atasema, “Nitampaje mwenzangu mteja wangu?” Lakini yule wapenda ndege aliyelala kwako siku tatu akiwa amenuna hatarudi, na atawaambia wenzake Taita ni mbali na inachosha. Ukimtuma Wundanyi siku mbili, siku ya tatu atashuka kukamata treni, na atalala kwako akiwa na furaha. Hesabu hiyo ni nzuri kuliko ile ya kwanza.

La tatu ni la sheria. Anayekodisha vyumba kwa wageni awe na kibali cha biashara cha kaunti na leseni zinazotakiwa, hata kama ni vyumba viwili nyuma ya nyumba. Aandike jina la kila mgeni kwenye daftari. Asikubali mtu mzima kuingia na mtoto asiyejulikana ni wa nani. Ukiona jambo la namna hiyo, piga simu kwa polisi au kwa afisa wa watoto. Na hakikisheni njia ya kutokea wakati wa moto haijafungwa kwa kufuli.

Namalizia. Yule mzee wa Taveta tulimhamisha siku ileile. Yule mama mwenye vyumba alimpokea, akampa jiko, na mzee akapika uji akampelekea mkewe mwenyewe. Siku ya kuondoka alisema, “Kumbe Voi ina watu.” Tulikuwapo siku zote. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza amekuja kwa shughuli gani.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni ameshakuja. Kesho akikuuliza alale wapi, na wewe muulize yale matatu kwanza: umekuja kwa shughuli gani, unaondoka lini na kwa usafiri gani, uko na nani? Kisha mwelekeze kama ambavyo ungependa mama yako aelekezwe katika mji asioujua.

Sasa niko tayari kwa maswali, na naona kijana wa pale nyuma ameinua mkono kabla hata sijaketi.